Pasifiki ya Ufukweni Kwangu

Jumatano, 13 Agosti 2025

Mzee Suryakant wa duka la vitambaa Bukoba kanijia hadi huku Muleba, ninapopokea wageni kando ya ziwa. Siku ya harusi alimwahidi mkewe, Mama Rupa, kumpeleka Visiwa vya Pasifiki. Wamezeeka, hawajaenda. Sasa magoti ya mama hayataki ndege. Kabla sijafikiri, mdomo ukasema: Jumamosi Pasifiki itakuwa hapa hapa ufukweni kwangu! Mzee akatokwa machozi. Ee Mungu, huu mdomo wangu!

Alhamisi, 14 Agosti

Nimetazama video kwenye simu ya binti yangu Joviana. Vinatakiwa: mashada ya maua shingoni, wanawake wa kucheza, na nguruwe wa kuivishwa shimoni kwa mawe ya moto na majani. Migomba ninayo! Mke wangu Gaudiosa akaanza jambo kuhusu chakula cha akina Suryakant. Nikamwambia mwenye kauli ni mimi.

Tatizo ni kisiwa. Maji yapo upande mmoja tu. Kibarua wangu Projestus kachimba mtaro upande wa pili. Jirani Audax, mwenye mtumbwi na wivu, kapita akicheka: "Ndugu yangu, kisiwa chako kimeegemea mlima!" Eti wageni wakichoka kwangu, atawapokea yeye.

Ijumaa, 15 Agosti

Kupalizwa Bikira Maria. Baada ya misa nikawaomba kina mama wa kwaya waje kukata viuno. Annastella, kiongozi wao, akauliza kama Padri anajua. Tumeafikiana: mikono tu, na majani ya migomba juu ya vitenge. Gaudiosa tena na habari ya chakula! Nikaenda kusali rozari.

Jumamosi, 16 Agosti

Tulianza vizuri. Mama Rupa akavushwa mtaro mkavu kwa ubao, akasema anaiona bahari. Kina mama wakacheza kwa mikono: wakapanda maharage, wakapepeta. Akapiga makofi. Nikaagiza shimo lifukuliwe.

Ndizi! Ndizi tupu, zinafuka moshi. Nguruwe niliyemnunua bado kafungwa kwenye mgomba, ananitazama.

Nilimwambia Projestus mawe yakipata moto afukie, afunike majani. Afukie nini, sikutaja. Mtu si anaona nguruwe? Akajibu, "Waitu, bwana, shimo la majani ya migomba ni la kuivishia ndizi, tangu lini likawekwa kitu kingine?" Audax nyuma ya uzio, kicheko. Mtakatifu Antoni, niombee!

Mama Rupa akaonja. Akafumba macho. Akasema alikuwa na hofu tangu alipomwona yule mnyama, maana nyumbani kwao nyama haijawahi kuingia. Zile ndizi akaomba aongezewe mara mbili. Mzee akamwambia taratibu, "Basi, nimekufikisha." Mama akaegemea bega lake.

Gaudiosa alinitazama tu. Nikakaa chini. Asante Mungu, asante!

Jumapili, 17 Agosti

Nimetoa sadaka ya shukrani. Nililala kama mtoto. Audax kaja kwa upole kuuliza nani alinifundisha zile ndizi. Nikamwambia ni siri ya Pasifiki.

Mzee Suryakant kapiga simu. Mpwa wao Ashish anaoa Desemba, ukoo mzima unataka kuja kisiwani kwangu. Gaudiosa akafungua mdomo. Nikamwambia atulie, safari hii namtajia Projestus waziwazi.

Nguruwe wawili.