Mikono ya Koti la Ijumaa

Jumanne, 8 Desemba 1953. Chikongola.

Sharifa, uliniomba habari za likizo yangu. Naapa kuandika yote, hata yanayoniaibisha. Jumamosi karatasi hizi zitapanda lori kuja kwako Newala.

Nimewekwa kwa Rukiyabai, mwenye duka la nguo, nijifunze kushona. Baba amesema wazi: Ijumaa atakuja kutoka Ziwani kuuliza tabia yangu. Akisikia neno jema, Januari naingia shule yako ya bweni. Akisikia baya, nabaki kupalilia mihogo. Kwa hiyo nimekuwa malaika. Tangu asubuhi!

Barazani yuko Babu Hassani, fundi mzee. Cherehani yake inakohoa kama yeye. Si babu yangu wa damu, lakini umri wake ni wa babu, basi ananiita mke wake na utani ni halali. Leo ametangaza mbele ya wateja kwamba atanirudisha kwetu kwa sababu ugali wangu una madonge. Hajawahi kuuonja!

Nimeipaka kofia yake chaki kwa ndani.

Jumatano, 9 Desemba

Ushindi. Babu alivua kofia kujikuna, kipara kikawa cheupe kama unga wa muhogo. Mteja akampa pole, akauliza ameanza kuumwa lini. Babu alicheka mpaka akashindwa kukanyaga cherehani. Rukiyabai hakuona. Alhamdulillahi.

Alhamisi, 10 Desemba

Kisasi! Nilipokuwa nimekalia gunia la vitambaa, Babu alishona pindo la kanga yangu kwenye gunia. Nikaitwa ndani. Nikainuka na gunia zima. Babu akawaambia wapita njia kwamba mkewe anahama na vyombo. Rukiyabai akauliza nalipeleka wapi. Nikasema nalipanga vizuri. Ni uongo, lakini wa kikazi.

Kesho Baba anakuja. Ningetulia. Lakini kanga yangu mpya, Sharifa!

Ijumaa, 11 Desemba

Naandika mbio. Samahani kwa mwandiko.

Kila Ijumaa Babu hutundika koti lake kwenye msumari wake, kisha hulivaa kwenda msikitini. Asubuhi nilitumwa vifungo. Niliporudi, koti lilikuwa msumarini, Babu hayupo. Nikaishona mikono yote miwili, pale kiganja kinapotokea. Mishono midogo, uzi wa rangi ileile. Kazi yangu bora tangu nifike hapa.

Mara Babu akatokea uani, ametoka kutawadha. Nyuma yake, Baba! Alifika nilipokuwa sokoni. Babu, mwenyeji mwema, alimpa mgeni msumari wake atundike koti, na lake mwenyewe, la rangi ileile, akalikunja chini ya cherehani.

Nilisema shikamoo. Baba akaingiza mkono wa kulia. Haukutoka. Akaingiza wa kushoto. Akasimama mbele ya Rukiyabai kama kuku aliyenyeshewa.

Akauliza ni nani.

Sharifa, kwa babu utani ni haki. Kwa baba? Mimi hata chafya naizuia mbele yake! Nikakiri. Babu akadakia kwamba lilikusudiwa koti lake, mwanangu usimlaumu mke wangu, laumu msumari.

Rukiyabai alisogea. Alishika mkono wa koti, Baba akiwa bado ndani yake, akatafuta uzi kwa ukucha. Akaukosa. Akaagiza miwani. Kisha akasema mtoto huyu asipelekwe popote, abaki kwake, mkono kama huu hajapata kuuona.

Neno jema, lakini silo!

Baba akavuta pumzi. "Hapana, Bai. Aende shule. Akibaki hapa, Ijumaa ijayo atatushona midomo."

Babu akaitikia amina.

Jumamosi, 12 Desemba

Naenda shule! Koti nililifumua mwenyewe, nimepiga magoti. Baba alitaka niape kwamba sitamfanyia mzaha mtu yeyote. Nikaapa: mtu yeyote asiye mtani wangu. Maneno ya mwisho niliyasema polepole, na Baba alikuwa ameshafika barabarani.

Nimejirekebisha kabisa. Lori linapakiwa, kwa hiyo jambo moja tu, na unijibu kwa lori hilohilo likirudi: yule mlezi wa bweni lenu ana umri wa kuwa mama yangu, au ameshatosha kuwa bibi?