Birika Langu, Beleshi la Lester

Jumamosi, 6 Julai

Nimedanganya. Nimemwambia Lester Pascoe, jirani yangu na mwenzangu wa safari miaka ishirini na miwili, kwamba mgongo umenikamata, mwaka huu siendi jangwani. Kanihurumia! Kaniletea chupa ya maji ya moto nijikande. Roho iliniuma kidogo. Lakini kwenye klabu yetu ya madereva hapa Moonta kuna ubao wa majina ya waliovuka Jangwa la Simpson peke yao. La Lester halimo. Langu litakuwemo kabla ya karamu ya Agosti. Mke wangu Glenys kasema huo ni upuuzi wa mtu mzima, na kwamba Lester akimuuliza hatamficha. Nimemwomba asiulizwe.

Jumatatu, 8 Julai. Chemchemi za Dalhousie

Nimefika! Kibali cha hifadhi kiko kiooni. Bendera nyekundu iko juu ya mlingoti, anayepanda tuta la mchanga kutoka upande wa pili anione. Nimeoga kwenye maji ya moto, samaki wadogo wakanidonoa vidole. Raha tupu.

Kisha nikafungua gari nyuma nipunguze upepo wa matairi kwa ajili ya mchanga. Pampu hakuna. Beleshi hakuna. Kamba ya kuvutia hakuna. Vitu hivyo huvibeba Lester kwenye gari lake. Miaka yote tumegawana hivyo, yeye vyuma, mimi jikoni. Mimi ninalo birika, ninacho chungu cha kuokea mkate, keki ya Glenys, majani ya chai ya kutosha jeshi na jamu aina nne.

Nikitoa upepo, nitaurudisha kwa kitu gani? Kwa mdomo? Basi sitoi. Dereva hodari hahitaji matairi laini.

Jumanne, 9 Julai

Matuta kumi na matatu, nimeyaruka yote! Gari linarukaruka, meno yanagongana, chupa ya jamu ya machungwa imepasuka. Birika nimeliweka kwenye kiti cha pembeni, juu ya nguo na waya za redio, lisianguke. Redio kimya kutwa. Kwa kawaida watu huitana kila tuta, wasije wakagongana. Leo hakuna aliyesema neno. Nikaona jangwa zima ni langu.

Kwa upweke nikaanza kuongea peke yangu. Nikasema supu ya Lester ina ladha ya soksi. Nikamuigiza anavyokohoa. Halafu, sijui ilinijiaje, nikasema lile la bomba. Miaka kumi na mmoja iliyopita maji ya Lester yalimwagika yote njiani, tukarudi midomo imepasuka, na tangu hapo klabu nzima humwita Bomba. Si yeye. Ni mimi niliyejaza birika kutoka tangi la gari lake nikasahau kufunga bomba. Nikalisema kwa sauti, mara mbili. Nikajisikia mwepesi.

Tuta la kumi na nne, nimezama mpaka kwenye ekseli. Nimechimba kwa mfuniko wa chungu. Mchanga unarudi wenyewe, hauna haya.

Jumatano, 10 Julai

Saa tatu asubuhi nikaona bendera nyekundu inachomoza nyuma ya tuta. Nikaruka, nikapunga mkono, nikapiga kelele. Lester!

Jumapili, nikiwa nimeshaondoka, alikuja kwetu kuangalia mgongo wangu, na supu mkononi. Glenys akasema yote. Lester akawasha gari mara moja, peke yake, siku tatu anakula maharage baridi ya kopo bila tone la chai. Chai ninayo mimi.

Hakunisalimia. Aliingiza mkono garini kwangu akaliinua birika. Chini yake kulikuwa na kipaza sauti cha redio, kitufe kimebanwa.

"Uko hewani tangu jana asubuhi, Murray," akasema. "Sikuweza hata kukuita. Nimekusikiliza tu."

Nilitamani mchanga unimeze na mimi. Akatoa upepo, akachimba, akanivuta. Dakika ishirini. Hakukohoa hata mara moja, maskini, nadhani alijizuia. Nikamwambia nachemsha chai. Nilimwona analiangalia lile birika, hamu anayo.

"Asante, bwana. Sisi akina Bomba tunakunywa maji. Yakiwepo."

Akaniachia pampu yake mchangani, akageuza gari kurudi magharibi. Nilisimama nikajiuliza kama kuvutwa kunahesabika kwenye ule ubao. Kisha nikaona aibu, nikamfuata. Nilimwita redioni mara sita.

Jumapili, 14 Julai. Moonta

Nimemrudishia pampu. Glenys alinifundisha: sema samahani, funga mdomo. Nilisema dakika arobaini. Nilieleza kwamba bomba lenyewe lilikuwa limechakaa. Lester alisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia chai.

Kanunua birika! Jipya, la kupiga filimbi. Na chai ilikuwa nzuri kuliko yangu. Nimevuka barabara huku nalia, sifichi. Miaka ishirini na miwili, na sasa mtu yule hanihitaji kwa chochote.

Jumatano, 17 Julai

Lester anavuka jangwa mwezi Septemba, peke yake. Glenys anataka leo nisimame mbele ya klabu niseme ukweli wa bomba, jina la watu lisafike. Nimeahidi. Nitasema, kweli nitasema. Siku moja.

Lakini nimefikiri vizuri zaidi. Lester ana beleshi, ana pampu, ana kamba. Kinachotutenganisha ni birika tu. Amelitenga kwa safari, liko dirishani kwake upande wa uani, na Jumatano yeye huwahi klabuni. Ninao msumari mwembamba. Tundu moja, chini kabisa, hataliona mpaka afike Dalhousie. Hapo atanikumbuka.

Nimemwambia Glenys atangulie. Leo mgongo umenikamata.