Jicho la Hija Halipepesi

Jumatatu, 29 Julai 2013

Leo nimeingia kwenye mtandao. Mtandao ujitayarishe!

Sababu ni Msellem. Huyu ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwalimu mstaafu wa skuli, mtu wa kuvaa miwani hata kula tende. Zamani barazani kwa Mzee Khatib hakanyagi. Sisi wa chama hiki, yeye wa chama kile, kila mtu na kahawa yake. Raha iliyoje! Kisha yakaja maridhiano ya vyama. Yametuletea mema mengi, na Msellem.

Baada ya alasiri tumekaa barazani, tunavuta funga ya Ramadhani mpaka magharibi. Akatoa simu kuonyesha blogu yake, "Micheweni Leo". Ati kwa siku inasomwa na watu mia mbili. Ina nini? Nani kafa, nani kaoa, boti imechelewa. Lakini wazee wote wameinamia kisimu kile kama kuku kwenye ufuta! Nikasema hata miye naweza. Msellem akajibu kwa upole wake ule wa sumu kwamba mwandiko wa shemeji Hija hata mkewe hausomi.

Wakacheka. Mzee Khatib naye, mwenye baraza, mtu niliyemdhania rafiki!

Nikaapa mbele yao: kabla ya Iddi itafika siku moja ambayo Jicho la Hija litasomwa na watu wengi kuliko blogu yake. Nikishindwa, nampa kona yangu.

Usiku huu ndipo ninapoiwaza. Kona yangu! Ukutani, penye kivuli mpaka magharibi, unamwona kila anayeshuka gari ya Wete kabla hajakuona. Nimeikalia tangu vyama vingi vianze. Mahali pengine duniani sina kiti.

Lakini nani kasema nitashindwa?

Jumanne, 30 Julai

Asubuhi kwa Shadya, mtoto wa marehemu kaka yangu. Ana duka lake la kompyuta karibu na soko na wateja wake hawamchezei. Nikamwambia Ami wako anataka blogu, tena kubwa. Akaniuliza itahusu nini. Nikamjibu: kila kitu. Akasema, Ami, anayeanza huchagua jambo moja analolijua sana. Nikamweleza shida yenyewe: nayajua yote.

Jina: JICHO LA HIJA. Chini yake: "Halilali, halipepesi." Shadya akataka tuweke picha ya bahari. Nikaweka picha yangu, nimevaa koti jipya.

Makala ya kwanza: "NG'OMBE ALIYENIPIGIA MAGOTI". Ni kweli tupu. Mwaka ule Chwale, kwenye mchezo wa ng'ombe, yule fahali mweusi aliyekimbiza watu mpaka juu ya minazi. Miye nikabaki peke yangu uwanjani. Nikamtazama. Akanitazama. Akapiga magoti. Mke wangu Mwanaasha husema nilikuwa juu ya mnazi wa pili, lakini yeye alikuwa mbali.

Jioni nimesomwa mara tatu! Shadya anasema mara mbili ni miye mwenyewe nilipofungua kujiangalia, na moja ni yeye. Haidhuru. Hata mvua huanza na tone.

Alhamisi, 1 Agosti

Shadya alisema blogu hukua wasomaji wakiandika maoni, maana mtu akipita akakuta watu wanazungumza, naye husimama. Maneno ya busara. Sasa kwa nini niwasubiri wasomaji?

Leo nimepata maoni matatu. Mmoja wa Muscat anasema hajapata kuona uandishi kama huu. Bibi mmoja wa Toronto amelia. Mvuvi wa Kisiwa Panza anasema Jicho la Hija linamsaidia hata kupata samaki. Wote watatu wameandika vizuri sana. Nilichoka vidole.

Jioni barazani nikakuta Msellem anawasomea watu maoni yangu kwa sauti ya darasani. Akamaliza, akavua miwani. Akasema jambo moja tu linampa taabu: mtu wa Muscat, bibi wa Toronto na mvuvi wa Panza, hawajuani, na wote watatu wamelisifu koti la Hija.

Baraza likaanguka kwa kicheko. Mzee Khatib alicheka mpaka akaogopa funga yake.

Nikajibu kwamba koti zuri huonekana mbali. Jibu zito.

Jumamosi, 3 Agosti

Msellem kaja barazani na mto. Mto mdogo, wa maua! Ameuweka pembeni ya kona yangu, akasema anapima tu.

Nikaenda kwa Shadya moja kwa moja. Nikamwambia nasaba yetu iko hatarini. Akaniuliza kwa upole, Ami, kwani ukikaa upande wa pili wa baraza utakufa? Watoto wa siku hizi! Lakini akanionea huruma, akanipa siri ya kazi: andika kile ambacho watu wote wanataka kukijua wakati huo huo, na uwe wa kwanza.

Nikarudi nyumbani nawaza. Mwanaasha alikuwa uani, anamtazama jogoo kwa jicho la sikukuu. Akaniuliza Iddi ni Alhamisi au Ijumaa, apange mambo yake. Jirani akauliza ukutani vilevile. Muuza mikate ya boflo naye kapita anauliza.

Nilisimama pale uani kama mtu aliyepigwa na nazi. Mwezi!

Jumanne, 6 Agosti

Mpango umekamilika. Andika, kalamu!

Kesho ni mwezi ishirini na tisa wa Ramadhani. Jioni watu wote watakuwa nje shingo juu, na jamaa zetu walio Unguja, Dar na Arabuni watakuwa wanauliza Pemba umeonekana? Atakayeandika kwanza ndiye atakayesomwa. Lakini miye jioni lazima nifuturu, na simu yangu ni ya tochi. Msellem ana simu yake mfukoni. Atanipita!

Shadya akanionyesha maajabu: unaandika leo, unaipangia saa, wakati ukifika inajitoa yenyewe, wewe umekaa unakunywa uji. Aliponiuliza nataka kupangia habari gani nikamwambia salamu za Iddi. Si uongo. Mwezi ni salamu ya Iddi.

Nimeandika hivi: "MWEZI UMEANDAMA MICHEWENI! Nimeuona kwa jicho langu mwenyewe, mwembamba, juu ya minazi, na shahidi wangu ni Mzee Nyange wa Shumba."

Shahidi lazima. Na Mzee Nyange ndiye. Mzee huyu tangu ujana wake akisema nimeuona, Shehe wa msikiti haulizi mara mbili. Sikumuuliza, kwa kuwa kila mwaka huuona, na mwaka huu mbingu ni safi. Nimemkopesha neno lake mwenyewe.

Shadya alitaka kunipangia saa. Nikamwambia toa mkono, Ami wako kasoma. Magharibi watu watazame, watulie kidogo, halafu Jicho! Saa kumi na mbili na dakika arubaini na tano. Nikabonyeza mwenyewe: 12:45.

Nikapita barazani. Nikaugusa mto wa Msellem kwa mguu.

Jumatano, 7 Agosti

Nimesali adhuhuri, nikajinyoosha kwenye mkeka. Usingizi wa mshindi.

Nikaamshwa na Mwanaasha, ufagio mkononi. Akaniuliza kwa adabu kubwa, na adabu yake ndiyo huniogopesha: huo mwezi uliokuja saa sita na dakika arubaini na tano mchana ulikuja kuandama au kuazima sukari?

Sikuelewa. Kisha nikasikia nje. Watoto wa mtaa mzima wamesimama juani, viganja usoni, wanatazama juu ya minazi!

Mbio kwa Shadya. Nikamkuta amejiinamia mezani, mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Akanieleza, huku anajifuta macho, kwamba mashine inahesabu saa kizungu, tangu katikati ya usiku. Kumi na mbili yake ni sita yetu ya mchana. Jioni ningeandika kumi na nane. Nikamwambia hakuna saa kumi na nane. Nimesoma: mchana una saa kumi na mbili na usiku kumi na mbili, hata kuku anajua. Nikamwamuru afute. Akasema anaweza kufuta, lakini Msellem ameshaipiga picha na kuituma kila pembe.

Simu haikunyamaza. Binamu wa Unguja anauliza kama Wapemba siku hizi nyota mnaziona wakati wa chai. Mmoja wa Muscat, na huyu ni wa kweli, kauliza kama nilikuwa nimefunga.

Alasiri akafika Mzee Nyange kwa baiskeli kutoka Shumba. Hakushuka. Alisema maisha yake yote neno lake juu ya mwezi halijarudishwa, na leo wajukuu zake wanamuuliza kala nini. Akasema leo hatoki kutazama. Mwenye macho ya kuona mwezi jua la utosi apumzike jioni. Akageuza baiskeli.

Na kweli hakutoka. Magharibi kukawa na wingu kidogo. Watu wakasimama uwanjani wanatazamana, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kunyoosha kidole, asije akaitwa Hija. Wakaenda kusubiri redio. Redio ikasema haukuonekana. Kesho tunafunga.

Mwanaasha amemwambia jogoo ashukuru.

Alhamisi, 8 Agosti

Sikutaka kwenda barazani. Nilikwenda.

Msellem kaketi, mto mapajani. Mzee Khatib akasema ahadi ni ahadi, na matokeo yasomwe. Kaitwa Shadya na kompyuta yake. Akasoma, na uso wake ulikuwa mgumu kama wa hakimu: jana "Micheweni Leo", mia tatu na kumi. Jicho la Hija, elfu nne na kitu.

Elfu nne!

Msellem akasema watu wamekuja kucheka. Nikamuuliza, katika kiapo changu nilisema waje kulia? Wazee wakatazamana. Mzee Khatib akakuna ndevu, akahukumu: kona ni ya Hija.

Ya Hija! Msellem akauchukua mto wake wa maua, akaondoka. Nikakaa. Ukuta ulikuwa na joto zuri mgongoni.

Jioni mwezi ukaonekana na kila mtu, hata wasio na macho. Mzee Nyange, nasikia, aliuona kwanza, akanyamaza mpaka mtu wa kumi aseme ameuona.

Ijumaa, 9 Agosti. Iddi

Koti jipya. Sala. Kisha kwa Mzee Nyange, Shumba, na sahani ya visheti vya Mwanaasha. Alinipokea mlangoni. Alisema leo ni Iddi na hawezi kuwa na kinyongo, amenisamehe, lakini jina lake nisilitie tena kwenye lile jicho langu mpaka aingie kaburini. Nikampa mkono. Nikaahidi. Visheti alivichukua.

Alasiri barazani. Nimekaa kwenye kona yangu. Wenzangu wamehama: wameipeleka mikeka na dele la kahawa ng'ambo ya barabara, kwa muuza boflo, na Msellem yuko katikati na mto wake. Wananipisha. Mtu wa wasomaji elfu nne anahitaji nafasi. Heshima ina namna nyingi.

Kahawa inanukia mpaka huku.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimekwenda kwa Shadya, naye yuko kwenye sikukuu, mtumishi wake ndiye aliyenifungulia. Afadhali. Hakuna wa kunishika mkono.

Nimegundua kosa lilikuwa wapi. Nilichelewa! Jambo kubwa halitayarishwi siku moja kabla. Kwa hiyo nimeshaandika habari ya uchaguzi mkuu wa 2015. Msellem hajaota hata ndoto yake! "UCHAGUZI UMEKWISHA SALAMA. Kura zimehesabiwa, pande zote zimeyakubali matokeo, watu wanakunywa kahawa pamoja." Jina la mshindi nimeacha wazi, miye si mtu wa kubahatisha.

Itatoka Jumapili ile ile ya kura, usiku, vituo vimeshafungwa, watu wamekaa wanasubiri. Saa mbili kamili. Nimebonyeza mwenyewe: 2:00.

Na habari kubwa kama hii haiendi bila shahidi. Nimemtia Mzee Nyange.