Swichi ya Ampea Mia Tisa Tisini na Tisa

Sisi, Halmashauri ya mji wa Tamarack Falls, Michigan, tuliutangazia umma kwa fahari kwamba jengo letu jipya lingefunguliwa Ijumaa saa nne asubuhi, umeme uwepo usiwepo.

Umeme ulikuwa na ukaidi kidogo. Kila mara fundi wetu, Loretta Szymanski, alipowasha swichi kuu, kinga iliizima. Kanuni yasema swichi kuu ya ampea elfu moja au zaidi, kwa umeme mkali kama wetu, lazima iwe na kinga ya kukata umeme unaovujia ardhini, jengo lisije likaungua. Yetu ni ya ampea elfu moja mia mbili. Jumatatu kinga ilikata mara tano. Jumanne, mara tisa.

Jumatano asubuhi Mwenyekiti wetu, Harlan Vandermolen, aliitisha kikao cha dharura. Tulikula donati mbili mbili, kisha tukafikiri.

"Kanuni inaanzia elfu moja?" aliuliza Mwenyekiti.

"Ndiyo, Mwenyekiti."

"Basi swichi yetu iwe ya mia tisa tisini na tisa."

Tulipiga makofi. Kibandiko kilichapwa, kikagongwa muhuri, kikabandikwa kwenye swichi. Loretta akaitwa.

"Ng'oa kinga, dada, kisha tia sahihi."

"Sahihi yangu? Leseni hii nimeisotea miaka minane, baba. Jengo likiungua mtanitembelea jela na donati?"

"Soma kibandiko."

Loretta alisoma, akajikuna kisogo kwa bisibisi.

"Haya. Ila kabla sijang'oa kitu, swichi ya mia tisa tisini na tisa haibebi jengo zima. Kuna mzigo wa kupunguza."

"Punguza."

"Ghorofa ya tatu."

Ghorofa ya tatu ni yetu.

Basi Alhamisi tulikutana tukiwa na makoti na glavu. Nje theluji ilifika madirisha ya ghorofa ya chini. Ndani, kahawa ilipoa kabla ya kufika mdomoni. Ajenda ya kwanza ilikuwa miguu ya Mwenyekiti, iliyokufa ganzi. Loretta akaingia anatabasamu.

"Mnajua kinga haijakata hata mara moja tangu jana?"

"Unaona?" alisema Mwenyekiti, meno yakigongana. "Kibandiko kinafanya kazi."

"Si kibandiko, baba. Ni nyinyi mmezimwa. Umeme unavujia huku kwenu."

Alilifuata bomba la nyaya ukutani, nasi nyuma yake kama bata, mpaka ukumbini, penye bamba la shaba lenye jina la Mwenyekiti, kubwa kama mlango. Bolti zake Mwenyekiti alizichagua mwenyewe, ndefu kuliko zote dukani, jina lisije likaanguka.

Loretta alifungua ya kwanza: safi. Ya pili: safi. Ya tatu ilitoka na ncha nyeusi, imeungua.

"Imetoboa bomba, ikachuna waya," alisema. "Hongera, Mwenyekiti. Jina lako limeshika hasa."

Hakuna aliyecheka. Tulikohoa tu, kwa sababu ya baridi.

Ijumaa tulifungua jengo likiwa na joto, kinga mahali pake, kibandiko kimebanduliwa. Bamba linapumzika stoo, kati ya ndoo za kudekia. Kanuni yataka kinga ijaribiwe na majibu yaandikwe, yatunzwe kwa wakaguzi. Tumeyatunza. Loretta ameandika mstari mmoja, na sahihi yake chini:

"Kinga ni nzima. Imemkamata Mwenyekiti mara kumi na nne."