Mapenzi ya Mzee Ekow Yapitishwa Rasmi na Wizara

Wananchi wote wa Sekondi na vitongoji vyake walitangaziwa, kwa redio na kwa gari la vipaza sauti, kwamba mapenzi ya mwandishi Ekow Baiden na mkewe Araba yamepitishwa rasmi na Wizara ya Hisia na Utamaduni. Yatachezwa jukwaani, kisha yatengenezewe filamu, ili taifa lipate mfano wa kuiga. Tangazo hilo niliandika mimi, Ato Essilfie, Mkurugenzi Msaidizi wa Mapenzi ya Kitaifa. Mke wangu alipopata habari za cheo changu, alicheka mpaka akaomba maji.

Mzee Ekow mnamjua. Hakuna mtoto wa Ghana ambaye hakusoma hadithi zake, au hakuchapwa kwa kutozisoma. Ujanani alikuwa karani wa reli, na Araba aliuza kenke, yale madonge ya unga wa mahindi, na samaki wa kukaanga kwenye lango la karakana. Kila adhuhuri Ekow alikuja na karatasi zake akamsomea, huku Araba akifunga kenke kwenye majani.

"Huyu mwanamke wa hadithi yako haongei kama mwanamke," Araba alimwambia. "Aliyekasirika hivyo hasemi neno. Anafagia."

Ekow alikwenda, akafuta, akarudi. Mambo yakawa hivyo hadi Araba alipochoka akamuuliza mbele ya mafundi wote: "Ekow, unataka kunioa mimi au kuoa kenke? Sema upesi, foleni ndefu."

Wakaoana. Mtu wa kawaida angedhani hadithi hiyo imetosha. Kamati ya Mapenzi haikuwa na watu wa kawaida.

"Mwanamke kumposa mwanamume?" alisema Mheshimiwa Waziri, mwenyekiti wetu. "Vijana wataiga nini?"

"Na hizo kenke, Mheshimiwa," akaongeza mjumbe mmoja. "Wageni watatuonaje?"

Basi Araba akafanywa nesi, katika hospitali ambayo Waziri alikuwa ameizindua majuzi. Mtu akauliza kama hospitali hiyo ilikuwepo wakati wa ujana wao. Nilishauri kwamba mapenzi hayana umri, nikapongezwa. Ikaamuliwa pia kwamba wapenzi hao watambulishwe na kijana mmoja mwenye hekima na sura nzuri, aliyekuja kukagua reli, ambaye kwa bahati tu alikuwa na jina la Waziri. Wakati huo Waziri alikuwa bado hajazaliwa. Nilipendekeza tuite jambo hilo "uwepo wa awali". Nikapongezwa tena. Nikaanza kuona ninazo akili.

Ukabaki mwisho. Bi Esi Turkson, mwongozaji wetu, alisema mapenzi makubwa huisha kwa machozi. Kamati ikabaini, kwa masikitiko, kwamba wahusika wote wawili wako hai na wanaelewana.

Nilipelekwa kwa Mzee Ekow kuomba ridhaa. Nilimsifu hadi shati likambana. Nilimwambia hata sanamu yake inafikiriwa. Akatia saini bila kuvaa miwani.

"Mama hatumuulizi?" nilisema, kwa adabu tu.

"Nitamwambia akirudi sokoni."

Hakumwambia. Araba alijionea mwenyewe siku alipoleta beseni la chakula kwa waigizaji waliokuwa wakifanya mazoezi. Jukwaani binti mwembamba, aliyevaa sare nyeupe, aliinamisha macho akasema: "Bwana, mimi ni mwanamke tu. Ninyi mliosoma ndio mtuamulie."

"Huyu ni nani?" Araba aliniuliza.

"Ni wewe, mama," nilijibu kwa fahari.

Aliweka beseni chini. Akamgeukia mumewe aliyekaa kiti cha mbele. "Ekow, ulikubali?"

"Araba, walisema ni kwa ajili ya taifa."

"Kwani miaka yote hii umelala na taifa?" Waigizaji wakacheka, kisha wakanyamaza kwa sababu yeye hakucheka. "Watu wamenisema mjini humu kwamba msomi ameoa muuza kenke. Sikujali, maana wewe hukuona haya. Kumbe ulikuwa unangoja serikali ije ikusaidie kuona haya."

Jioni hiyo alikwenda Shama, kwa kaka yake.

Kamati ililipuka kwa furaha. "Ato, hongera," Waziri alinipigia simu. "Umetupatia mwisho!" Nilimshukuru. Kisha nikamchukua mpiga picha, tukaenda kurekodi huzuni ya mzee kwa ajili ya filamu.

Tulimkuta mezani na karatasi tupu.

"Siwezi kuandika," alisema. "Nikimsemesha mwanamke hadithini, hakuna wa kuniambia nimekosea."

"Mzee, tafadhali rudia hayo ukitazama dirishani. Mwanga ni mzuri."

Alinigeukia. "Ato, mwanangu, unaye mke?"

"Ninaye, mzee."

"Angekuona sasa hivi, angejua ni wewe?"

Nilitafuta neno la kiofisi la kujibu. Mimi, niliyebuni "uwepo wa awali", sikulipata. Nikamwambia mpiga picha azime kamera.

Kaka yake Araba, fundi seremala aliyeitwa Mzee Kojo Abaka, alituma ujumbe kwamba yuko tayari kumsikiliza shemeji yake Jumamosi mchana. Ndiyo saa ya uzinduzi wa mchezo wetu. Ekow alisema atakwenda Shama. Nami nikajikuta nimebeba chupa ya pombe ya kuombea radhi, natembea nyuma yake kama bwana harusi wa pili.

Habari zikatutangulia. Waziri alipopanda jukwaani Sekondi, ukumbini palikuwa na bendi na dereva wake tu.

"Watu wako wapi?"

"Shama, Mheshimiwa. Wamekwenda kuangalia mchezo."

"Mchezo si uko hapa?"

"Wenyewe uko kule," akasema dereva.

Msafara wake ulitukuta tumeshakaa, waombaji benchi moja, wenye kuombwa benchi la pili, na mji mzima ukutani. Mpiga picha wetu naye alikuwepo, bila kutumwa.

"Karibu, mgeni," alisema Mzee Abaka. "Umekuja upande wa wanaoomba au wa wanaoombwa?"

"Mimi ni Waziri."

"Nimesikia. Upande upi?"

"Mzee, mimi ni Serikali!"

"Ahaa! Basi ni nyie mliomshawishi shemeji yangu atie saini. Kaa kule."

Watu wakaangua kicheko. Waziri akakaa karibu nami, benchi likalia.

Ekow hakutoa hotuba. "Araba, nilipenda kusifiwa," alisema. "Nikakutoa wewe ili nisifiwe. Sina jingine."

"Hapa kwetu," alisema Mzee Abaka, "mkosaji hupiga magoti pamoja na waliomsindikiza."

Ekow akapiga magoti. Nikapiga. Waziri akabaki ameketi. Kamera ikamgeukia polepole.

"Mheshimiwa," nilinong'ona, "uko hewani."

Akashuka haraka kuliko sisi.

"Na wewe unaomba radhi ya nini?" Araba alimuuliza.

"Ya... kasoro za kiutaratibu."

"Sikusikia."

"Nisamehe, mama. Nilikufanya nesi bila kukuuliza."

"Unesi ni kazi nzuri. Mimi sikuisomea." Kisha akamwendea mumewe, akamshika kwapani. "Inuka, Ekow, utashindwa kuinuka baadaye. Nyumbani sijarudi bado. Lakini njoo ndani ule."

Wakaingia. Tulibaki tumepiga magoti, maana hakuna aliyetuambia tuinuke.

Picha zilionyeshwa nchi nzima. Waziri alitarajia kufukuzwa, lakini akapigiwa simu za pongezi. Akalewa sifa, akatamba redioni: "Mimi ndiye waziri wa kwanza nchini kupiga magoti mbele ya mwananchi!"

Jumatatu wananchi wakaja. Walikuwepo wapiga ngoma ambao ukumbi wao tuliugeuza maegesho ya Wizara, na wanawake tuliowavunjia vibanda ili mgeni fulani asivione. Mlinzi akawauliza wameleta malalamiko gani.

"Hatulalamiki," walisema, wakiteremsha mabenchi yao kutoka kwenye malori. "Tumekaa. Mwambieni aje."

Wakubwa wa juu walimwambia Waziri kwamba aliyeanza ndiye amalize. Tangu hapo Mheshimiwa hupiga magoti asubuhi hadi chakula cha mchana, na mimi nimepandishwa cheo. Ni Mkurugenzi kamili. Ninatandika mkeka.

Jana, jasho likimtiririka, aliinua kichwa akaninong'oneza: "Ato, tumemaliza?"

"Bado, Mheshimiwa," nilimwambia. "Watu wa Takoradi ndio kwanza wanashusha mabenchi."