Damu ya Mwavita na Vidonge Vyangu Vinne

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa tatu, 1986

Mke wangu Mwavita amepimwa zahanati. Mimba ya miezi saba, kipimo cha damu nane. Nesi Hadidja anataka ifike kumi na moja. Ametoa boksi la vidonge kumi na vinne vya madini ya chuma, asidi ya foliki na zinki, vyote katika kidonge kimoja. Kimoja kwa siku, basi. Halafu akanigeukia mimi. Damu isipopanda kabla ya kuzaa, mtu wa nyumbani ajiweke tayari kutoa yake. Nimesema bila shaka. Nje ndipo nilipokumbuka damu hutolewa kwa kitu gani. Sindano!

Jumanne, tarehe 4

Mbaraka, kaka yake Mwavita, amekuja. Anapiga ngoma katika kikundi cha kuimbia Chama. Ana mikono kama makasia. Ameketi kwenye kiti changu, amekula wali wangu, kisha ametangaza kwamba damu atatoa yeye.

"Na mutoto atabeba jina langu, shemeji. Njo haki."

Eti ndiyo haki yake. Mbaraka wa pili nyumbani mwangu! Haiwezekani. Nimejibu kwamba damu itatoka kwangu. Mwavita akauliza kama si mimi niliyeanguka shuleni siku ya chanjo. Nimetoka nje kuipangusa baiskeli.

Jumatano, tarehe 5

Nimemshauri Mwavita ameze vitatu kwa mpigo, afike kumi na moja wiki hii hii. Amekataa. Anasema aliyesomea mambo hayo ni nesi, si karani wa mizigo wa stesheni kama mimi. Sawa. Lakini karani wa mizigo anajua jambo moja: behewa tupu halina cha kushusha. Anayetaka kutoa damu apakie kwanza. Nimechora ratiba kwa rula. Mwavita kimoja, mimi vinne. Ratiba safi sana.

Alhamisi, tarehe 6

Nimemeza vinne, tumbo tupu, kwa vikombe viwili vya chai nzito ili viteremke. Saa tatu: shujaa. Saa tano: tumbo. Saa nane mkuu wangu Asumani ameuliza kwa nini mifuko ya mchele nimeiandika katika safu ya ng'ombe.

Ijumaa, tarehe 7

Leo sijagusa kidonge. Msikitini. Nilisujudu, tumbo likanikaza, sikuweza kuinuka. Wazee walidhani ni ucha Mungu. Mmoja alilia. Sikumsahihisha.

Jumamosi, tarehe 8

Asubuhi, choo changu: cheusi. Cheusi kama makaa! Nimeandika wosia. Baiskeli kwa Mwavita. Kwa Mbaraka, hakuna.

Kisha salongo, maana hata anayekufa haepi kazi ya umma ya Jumamosi. Leo mtaa wetu ulifyeka majani uani mwa zahanati. Nesi Hadidja aliniona nimejikunja juu ya panga, akaniuliza. Nilimweleza kwa kunong'ona. Yeye hakunong'ona, aliniita raia kwa Kifaransa kama mkutanoni.

"Citoyen Bulaimu, wewe iko na mimba ya miezi ngapi?"

Mtaa mzima uliacha kufyeka. Mbaraka alicheka mpaka akakaa chini.

Kuhusu choo cheusi, nesi alisema dawa hii hufanya hivyo hata kwa anayeimeza sawasawa, isimtishe mtu. Kuhusu tumbo: ni uroho. Kidonge kikimkera mtu, akimeze baada ya chakula. Na chai inaizuia dawa isiingie mwilini. Maji, au chungwa; chai ingoje muda wa saa mbili. Kisha hakutania tena. Vingi kwa mara moja ni sumu. Mtoto mdogo akivila kiganja kizima kama peremende anaweza kufa, kwa hiyo boksi liwekwe juu, limefungwa. Na mwanamume mwenye damu ya kutosha havihitaji kabisa.

Akanichoma kidole hapo hapo apime. Kumi na tano! Nilikaa chini kwa hiari yangu. Akamwita Mbaraka naye, maana alishautangazia mtaa kwamba atatoa damu. Mbaraka alificha mikono yote miwili nyuma na kukumbuka mazoezi ya ngoma.

Ningefurahi sana, lakini nesi alikuwa bado na neno moja. Alilisema polepole.

"Umekula siku ine za bibi yako."

Vidonge vinne ni siku nne, na vingine hana mpaka treni ifike. Mwavita alikuwa amesimama mlangoni na tumbo lake. Alihesabu kwa vidole siku zilizobaki, akaishia cha nne. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, tarehe 14

Kidonge cha mwisho Mwavita alikimeza juzi. Tangu jana nimesimama relini, Asumani ananiita bure. Leo saa tisa, treni! Sanduku la zahanati lilikuwa chini kabisa, chini ya chumvi. Nimeshusha mifuko thelathini mimi mwenyewe, bila kuandika hata mmoja. Sanduku nimelibeba kichwani mpaka kwa nesi. Mwavita amemeza cha leo baada ya wali na sombe ya majani ya muhogo, akala chungwa. Amenipa nusu.

Jumatatu, tarehe 31

Kumi na nusu! Nesi amemsifu Mwavita: kimoja kila siku, chai baadaye, hakuna ujanja. Ikiendelea hivi, hatutatafuta mtu wa kutoa damu. Mbaraka amesema amesikitika. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefunguliwa kizuizini. Nimesikitika naye, kwa uso ule ule.

Jumanne, tarehe 22 mwezi wa nne

Msichana! Kilo tatu na sauti ya kipenga cha treni. Mama mzima, damu ya kutosha, sindano hakuna. Mbaraka alikuja na jina lake mfukoni. Mimi nilikuwa na langu. Mwavita alituacha tubishane mpaka tukachoka.

"Damu njo yangu," akasema. "Ataitwa Hadidja."

Mbaraka amerudisha lake mfukoni, nami langu. Jina zuri, kwa kweli. Karibu ningelipendekeza mimi.

Nesi ameagiza Mwavita aendelee na vidonge kwa muda, kimoja kimoja. Mwavita ameviweka katika sanduku la bati, akalifunga kwa kufuli, ufunguo shingoni. Alinitazama alipokuwa akifunga. Dharau hiyo nimeisamehe. Ni siku ya furaha.

Ila tangu asubuhi nasikia kizunguzungu. Nesi amepima damu ya mama, amemtazama mtoto. Ya baba hakuna aliyeiuliza. Bawaba za sanduku zinashikwa na skurubu mbili tu. Stesheni kuna bisibisi.

Safari hii vitatu. Na bila chai.