Kigari cha Baba Mkwe

Jumatatu, 6 Mei
Mama mkwe ametoa hukumu. Kigari cha marehemu mumewe kikimpandisha mlima Jumamosi hadi kwa dada yake, bila yeye kushuka kusukuma, ni changu moja kwa moja. Kikigoma, anakichukua shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye tayari kanunua vitambaa vya viti. Kimbelembele kitamuua.

Jumanne, 7 Mei
Dawa imepatikana: injini ya kisasa ya gari lililogongwa, nguvu mara tano. Fundi akasema haitoshi mbele. Nikamwambia ang'oe kiti cha nyuma, aigeuze injini na gia zake, aipachike huko. Akaomba wiki mbili apime kwanza magurudumu yatazunguka upande gani. Nikampa siku tatu na ushauri mwingi.

Ijumaa, 10 Mei
Imeingia! Ikinguruma, vikombe vya jirani vinacheza kabatini. Ila fundi alikuwa na hoja. Gia ya kurudi nyuma sasa ndiyo inakwenda mbele, hiyo moja tu, kwa mwendo wa kinyonga. Zile tano za mbele zote zinarudi nyuma, tena kwa kasi ya kutisha. Nimemwambia mke wangu mambo ni shwari.

Jumamosi, 11 Mei
Tulianza kistaarabu. Mama mkwe akausifu utulivu wangu. Nusu ya mlima shemeji akatupita kwa miguu, kamba ya kuvutia gari begani, akauliza kama tuna salamu azitangulize. Damu ikanichemka. Nikageuza gari, nikaumaliza mlima kinyumenyume, gia ya tatu. Nilimshinda shemeji vibaya sana. Mama mkwe hakushuka kusukuma. Hakushuka kabisa, magoti yalikataa. Sauti ilipomrudia aliomba ufunguo, akampa shemeji.

Jumapili, 12 Mei
Mke wangu kasema gia ile ya kinyonga ilikuwa inapanda vizuri tu. Ningevumilia dakika kumi, kigari kingekuwa changu. Imeniuma. Baba mkwe alinifundisha udereva humo, na hakunifokea hata siku moja.

Jumatatu, 13 Mei
Nimeamka mwepesi. Ile injini ndogo ya zamani ninayo bado, iko chini ya meza, nzima kabisa. Na mama mkwe, kwa magoti yale, hawezi tena kukanyaga cherehani yake. Nimeshaipima kwa macho. Inaingia. Tatizo ni fundi, tangu asubuhi hapokei simu.